Shule za Mkataba Vijijini Marekani: Jinsi ya Kuzisoma Hesabu Zake

Jimbo la Minnesota, lililo kaskazini mwa Marekani, ni nchi ya mahindi, soya na ng'ombe wa maziwa, na kwa wakulima wake Ushirika si jambo geni. Mwaka 1921 wajumbe wa viwanda 320 vya siagi, vilivyokuwa mali ya vyama vidogo vidogo vya wafugaji, walikutana mjini St. Paul wakaunda chama kikuu cha kuwauzia siagi yao. Chama hicho ndicho kilichojulikana baadaye kwa jina la Land O'Lakes. Miaka sabini na mitatu baada ya hapo, katika jimbo hilohilo, Ushirika uliingia mahali ambapo haukutazamiwa, yaani darasani. Mwaka 1994, katika mji mdogo wa Le Sueur, ulio kandokando ya mto Minnesota, walimu walijiunga katika chama cha ushirika kilichoitwa EdVisions, na chama hicho kikafunga mkataba wa kuendesha mafunzo katika shule mpya ya umma, Minnesota New Country School.

Shule hiyo ilianza katika vyumba vya maduka vilivyokodiwa, kisha ikahamia mji jirani wa Henderson, ambao wakazi wake hawazidi elfu moja kwa kiasi kikubwa. Haikuwa na mwalimu mkuu. Mambo ambayo kwa kawaida huamuliwa na mwalimu mkuu, kama vile nani aajiriwe na fedha zitumiweje, yaliamuliwa na walimu wenyewe katika vikao, kila mwanachama akiwa na kura moja. Wanafunzi nao hawakupangiwa vipindi kwa kengele. Kila mmoja alikuwa na meza yake, akifanya kazi za utafiti alizozichagua kwa kukubaliana na mwalimu mlezi wake.

Hapa katibu mwenye uzoefu atakuwa amekwisha kujiuliza swali moja. Sheria ya Minnesota ya mwaka 1991 ilitaka walimu wa shule wawe ndio wengi katika halmashauri ya shule. Iwapo walimu haohao ndio wanachama wa chama kinachopewa mkataba na halmashauri, basi mnunuzi na muuzaji wamekaa upande mmoja wa meza. Katika chama cha msingi jambo la namna hiyo lingeandikwa kwa wino mwekundu katika taarifa ya ukaguzi mpaka lielezwe. Sheria yenyewe iliruhusu halmashauri kuajiri walimu au kufunga mkataba wa kuwapata, hivyo mpango huo haukuwa wa siri wala wa hila. Lakini usalama wake ulitegemea mahesabu yaliyo wazi na mikutano yenye kumbukumbu zilizoandikwa. Kwa upande huu shule haina tofauti na ghala la kahawa.

Yafaa kwanza ieleweke shule ya mkataba ni nini. Si shule ya binafsi. Huendeshwa kwa fedha za umma, haitozi karo, hairuhusiwi kufundisha dini wala kuchagua watoto kwa mtihani wa kuingia, na waombaji wakizidi nafasi hupigiwa kura ya bahati. Tofauti yake na shule ya kawaida ni kwamba haitawaliwi na halmashauri ya elimu ya wilaya, bali na halmashauri yake yenyewe, chini ya mkataba wa miaka michache. Imesamehewa kanuni nyingi, na kwa upande wa pili inaweza kufungwa ikiwa haikutimiza ilichoahidi. Minnesota ilikuwa ya kwanza kutunga sheria hiyo, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Kufikia mwaka 2021, kwa takwimu za serikali kuu, nchi nzima ilikuwa na shule za namna hiyo zipatazo 7,800, zenye wanafunzi kama milioni 3.7.

Nyingi ziko mijini, na maneno mengi yanayosemwa juu yake, ya sifa na ya lawama, yametokana na mijini. Wilaya ndogo ya shule huko mashambani ni kitu kingine. Mara nyingi ina shule moja ya msingi na moja ya sekondari, mabasi machache yanayozunguka njia ndefu, na watoto mia chache tu. Shule mpya inapofunguliwa katika mahali kama hapo, kuna maswali mawili ambayo wazazi na walipa kodi hawawezi kuyakwepa: fedha zitakwenda wapi, na nani anafundisha vizuri zaidi.

Swali la fedha makatibu wataliona upesi kuliko walimu. Huko Minnesota sehemu kubwa ya fedha za elimu hutolewa na serikali ya jimbo kwa kuhesabu vichwa, na fedha hizo humfuata mtoto aendako. Tuchukue wilaya ya kubuni yenye wanafunzi 480 katika madarasa kumi na mawili, 40 kwa kila darasa, wakigawanywa mikondo miwili ya watoto ishirini. Shule ya mkataba inafunguliwa na kuchukua watoto 48, wanne kutoka kila darasa. Tuseme, kwa mfano tu, kila mtoto huleta dola 10,000 kwa mwaka. Wilaya imepoteza dola 480,000, yaani sehemu moja ya kumi ya mapato yake.

Je, imeokoa nini? Kila mkondo sasa una watoto kumi na wanane badala ya ishirini. Hakuna mwalimu hata mmoja anayeweza kupunguzwa, kwa sababu hakuna darasa lililokwisha. Basi linapita barabara ileile na kuchoma mafuta yaleyale. Majengo lazima yapashwe joto wakati wa baridi kali ya Minnesota kana kwamba wote wapo. Kilichookolewa ni vitabu, karatasi na chakula. Tukikadiria dola 600 kwa kila mtoto, ni dola 28,800 tu. Zilizobaki, dola 451,200, ni pengo. Ndivyo inavyokuwa sehemu ya kumi ya wanachama wanapompelekea mnunuzi wa pembeni mazao yao: mizani ni ileile, mlinzi ni yuleyule, na mshahara wa karani haupungui kwa sehemu ya kumi. Katika jiji kubwa watoto elfu wakihama, shule nzima yaweza kufungwa na gharama zake zikafutika. Wilaya yenye shule mbili haina cha kufunga isipokuwa yenyewe.

Juu ya hayo kuna gharama za watoto wenye ulemavu au matatizo ya kujifunza. Elimu yao hugharimu zaidi, na kwa utaratibu wa Minnesota sehemu kubwa ya gharama ambazo hazikulipwa na jimbo hupelekewa wilaya anakoishi mtoto, ingawa mtoto mwenyewe anasoma shule ya mkataba na wilaya haina sauti katika matumizi hayo. Wakuu wa wilaya wamekuwa wakinung'unikia jambo hili kwa miaka mingi, na si rahisi kuwalaumu.

Hata hivyo ni lazima hesabu isomwe pande zote mbili. Shule za mkataba za Minnesota haziwezi kutoza kodi ya majengo na ardhi kama wilaya zinavyofanya kwa idhini ya wapiga kura. Hupata msaada wa kukodi jengo, lakini kodi ya wenyeji inabaki wilayani. Aidha, tangu sheria ya mwaka 1988 mtoto wa Minnesota anaweza kuomba kusoma katika wilaya nyingine yoyote, na fedha zake zikamfuata. Kwa hiyo wilaya ndogo ilikuwa ikipoteza watoto kabla shule ya mkataba haijazaliwa. Huenda baadhi ya wale 48 wangepanda gari kwenda wilaya jirani, na shule ya mkataba ikawabakiza karibu na kwao. Anayetaja hasara ya wilaya bila kutaja hilo ametoa nusu ya mizania.

Swali la pili, la nani anafundisha vizuri, ndilo linalopotosha watu wengi zaidi. Tangu sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2002, watoto wa darasa la tatu hadi la nane wamekuwa wakitahiniwa kila mwaka katika kusoma na hesabu, na matokeo ya kila shule hutangazwa. Mzazi hufungua gazeti, akaona shule moja imefaulisha asilimia 75 na nyingine asilimia 58, akahukumu.

Lakini katika shule ndogo darasa laweza kuwa na watoto kumi na wawili. Wakifaulu tisa, ni asilimia 75. Mwaka unaofuata wakifaulu saba, ni asilimia 58. Anguko hilo la pointi 17 ni watoto wawili tu. Labda mmoja aliamka na homa siku ya mtihani na mwingine alihamia mwezi uliotangulia. Shule haijabadilika hata kidogo. Mkulima anajua kwamba kilo moja ya kahawa iliyochotwa juu ya gunia moja haiwezi kutoa daraja la ghala zima, na mtu atakayekubali bei kwa sampuli hiyo ataitwa mjinga. Katika alama za shule kosa hilohilo hufanywa kila mwaka na watu wenye elimu kubwa.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2002 Thomas Kane na Douglas Staiger, wakitumia matokeo ya jimbo la North Carolina, walionyesha kwamba shule ndogo ndizo zinazopanda na kushuka zaidi kutoka mwaka hadi mwaka, hivyo zawadi zinazotolewa kwa shule bora mara nyingi huziangukia shule ndogo kwa bahati. Mwaka 2006 Howard Wainer na Harris Zwerling waliangalia matokeo ya kusoma ya darasa la tano katika shule 1,662 za Pennsylvania. Katika shule 50 zilizoongoza, sita zilikuwa miongoni mwa shule 50 ndogo kuliko zote, wakati kwa bahati tupu ingetarajiwa moja au mbili. Mtu angeweza kukimbilia kusema kwamba udogo ni dawa. Walipotazama shule 50 za mwisho wakakuta tisa ndogo kuliko zote ziko huko pia. Shule ndogo zilikuwa juu na chini, kwa sababu wastani wa wachache huyumba.

Ikiwa alama zinayumba kwa uchache wa watoto, zinapinda pia kwa namna watoto walivyoingia. Kwa jambo hili inafaa kuondoka Minnesota na kwenda North Carolina, kusini mashariki, ambako kaunti tatu zinazopakana, Warren, Halifax na Northampton, zina shule za mkataba zenye historia tofauti kabisa. Hizi ni kaunti za tumbaku, pamba na karanga, maskini kwa kipimo cha Marekani, na Wamarekani weusi ni wengi huko. Sheria ya jimbo hilo ilitungwa mwaka 1996.

Katika kaunti ya Warren, watu wa kabila la asili la Haliwa-Saponi walifungua shule ya mkataba mwaka 2000. Haikuwa mara yao ya kwanza. Mwaka 1957, siku za ubaguzi, walikuwa wamejijengea shule yao wenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1960, watoto wa rangi zote walipounganishwa katika shule za serikali, shule hiyo ikafungwa. Shule ya mwaka 2000 ilikuwa njia ya kurudisha kilichopotea, na utamaduni wa kabila ukawa sehemu ya mafunzo.

Katika kaunti ya Halifax mambo yalikuwa kinyume. Shule za binafsi zilifunguliwa katika sehemu nyingi za kusini mwa Marekani wakati uleule wa kuunganisha watoto, ili watoto wa kizungu wasikae dawati moja na weusi, na Hobgood Academy ilianzishwa katika kipindi hicho. Mwaka 2019 shule hiyo ilipata mkataba wa jimbo ikawa shule ya umma isiyotoza karo. Wakati huo wengi wa wanafunzi wake walikuwa wazungu, huku shule za wilaya ya Halifax zikiwa na watoto karibu wote weusi. Kwa takwimu tupu, shule hii na ile ya Warren zote mbili zina wanafunzi wasiofanana na wale wa wilaya zao. Anayesoma safu ya asilimia peke yake atayaweka mambo haya mawili katika mstari mmoja, naye atakuwa ameandika uongo kwa tarakimu za kweli.

Ya tatu ni Gaston College Preparatory, iliyofunguliwa kaunti ya Northampton mwaka 2001 na mtandao wa shule uitwao KIPP. Wanafunzi wake wengi walikuwa weusi na wa familia za kipato cha chini, na alama zake za miaka ya kwanza ziliipita mbali wilaya. Darasa la kwanza lilihitimu mwaka 2009. Sifa zake zilienea nchi nzima, na hapana sababu ya kuzikana. Lakini kwa shule yoyote inayowapokea watoto darasa la tano na kuwahitimisha darasa la kumi na mbili, mkaguzi huuliza walioanza walikuwa wangapi kabla ya kusikiliza asilimia ya waliofaulu mwishoni. Siku ndefu za masomo na masharti makali huwafaa wengine, na wengine huondoka. Walioondoka hurudi shule ya wilaya, ambayo haiwezi kumkataa mtu, na alama zao zinaandikwa huko.

Usafiri nao huchuja watoto bila mtu yeyote kuwakataza. Sheria ya North Carolina inaitaka shule ya mkataba iwe na mpango wa kuhakikisha usafiri si kikwazo, lakini haiilazimishi kuendesha mabasi kama wilaya. Shule ikiwa kilomita thelathini kutoka nyumbani na basi ni haba, atakayefika ni mtoto ambaye mzazi wake ana gari na muda wa asubuhi. Mtoto wa namna hiyo angefanya vizuri popote. Huko Minnesota, kwa upande mwingine, shule kama ile ya Henderson huvutia watoto walioshindwa kuelewana na shule ya kawaida. Wanaanza nyuma, na wastani wao ukiwa chini haumaanishi kwamba wamefundishwa vibaya.

Njia ya haki ni kumpima mtoto yuleyule alipoingia na alipofikia, au kuwalinganisha walioshinda na walioshindwa katika kura ya bahati, kwa kuwa wazazi wa pande zote mbili walitaka shule ileile. Uchunguzi wa namna hii uliotolewa mwaka 2010, wa shule 36 za mkataba katika majimbo 15, haukuona tofauti ya maana kwa wastani. Ndani yake, hata hivyo, shule zilizochukua watoto wengi wa kipato cha chini ziliinua alama za hesabu, na zile za watoto wenye nafasi ziliziteremsha. Huko Massachusetts, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta faida kubwa katika shule za mijini, na nje ya miji hapakuwa na faida, pengine hasara. Taarifa ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba kwa nchi nzima mwanafunzi wa shule ya mkataba alipata kwa mwaka maendeleo yaliyolingana na siku 16 zaidi za kusoma na siku 6 za hesabu. Zile zinazofundisha kwa kompyuta tu, ambazo mtoto wa shamba la mbali hushawishika kuzichagua, ziliwaacha watoto nyuma kwa siku 58 katika kusoma na 124 katika hesabu.

Hata kipimo cha umaskini si imara. Kwa miaka mingi hesabu ya watoto maskini ilitokana na fomu za chakula cha mchana: mtoto ambaye kipato cha nyumbani kwao hakizidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini alikula bure, na hadi asilimia 185 alilipa kidogo. Shule ya mkataba isiyo na jiko haikuwa na sababu kubwa ya kukusanya fomu hizo, ikaonekana haina maskini. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwalisha watoto wote bure shuleni. Ni jambo jema, lakini mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kula haoni kwa nini ajaze karatasi ya kueleza mapato yake. Fedha za ziada kwa ajili ya watoto maskini ziliendelea kutegemea karatasi hizo kwa wale ambao hawakuwa wamekwisha kuorodheshwa katika misaada mingine ya serikali, hivyo ofisi za shule ndogo zikaanza kuwapigia wazazi simu, mmoja baada ya mwingine, kuwaomba wazirudishe kabla ya tarehe ya mwisho.